Kutoka Tabata hadi Matema kwa IST: siku kumi na nne, watu wawili, bila pupa

*Swali: Mimi na swahiba wangu wa tangu shule ya msingi tunaishi Tabata, Dar es Salaam. Tumepata likizo ya siku kumi na nne mwezi wa saba na tunataka kwenda kwa gari hadi Ziwa Nyasa, tukilala njiani na kuona nchi inavyobadilika. Gari ni Toyota IST, otomatiki, cc 1300. Mimi naendesha mwaka wa sita sasa, mwenzangu ana leseni ya miezi mitano. Gari litafika? Na tupange vipi ili tusigeuze likizo kuwa mbio za basi?*

Dada, litafika. Barabara kuu kutoka Dar hadi Uyole, njia panda ya karibu na Mbeya mjini, na kutoka Uyole kushuka Tukuyu na Kyela, ni lami, na kila siku zinapita gari ndogo kuliko hiyo yenu. Mashaka yangu yako kwenye breki, maji ya rejeta na saa mnazoondoka. IST ikiharibika njia hii, mara nyingi sababu ni moja kati ya hizo tatu.

Kwanza mwendo. Mkijumlisha mizunguko ya pembeni, kwenda na kurudi ni kama kilomita 2,300. Usizigawe kwa 100 ukadhani umepata saa za safari. Kila kijiji kina kibao cha 50, kina matuta na rasta, na mara nyingi kina trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo chini ya mwembe. Nyuma ya semi za Zambia na Kongo mtatambaa. Wastani wa kweli ni kilomita 50 hadi 60 kwa saa, kwa hiyo kilomita 250 ni saa tano za usukani, na mkiongeza vituo vya chai na picha inakuwa saa saba. Mwezi wa saba giza linaingia kama saa kumi na mbili na nusu. Pangeni kila siku gari liwe limeegeshwa saa kumi jioni. Hapo hata pancha mbili hazitawaingiza usiku, na usiku kwenye barabara hii lori lililokufa bila taa ndilo linaloua.

Mgawanyo wangu ni huu. Siku ya kwanza Morogoro, kama kilomita 195. Ya pili mnapita Mikumi hadi Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, na mnalala hapo siku mbili. Ya nne Iringa, nako siku mbili. Ya sita Njombe. Ya saba Tukuyu, siku mbili. Ya tisa mnashuka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, siku mbili. Kurudi: ya kumi na moja mnalala Mafinga, ya kumi na mbili Mikumi mjini, ya kumi na tatu Dar. Inabaki siku moja, nayo msiipangie kitu. Itakwenda yenyewe kwa fundi, kwa foleni ya Kitonga, ule mlima wa kona kabla ya Iringa, au kwa kushindwa kuondoka Matema.

Mtaona sijaweka Hifadhi ya Kitulo wala Hifadhi ya Ruaha. Kitulo maua yake ni ya msimu wa mvua. Julai mtakuta majani na baridi, na njia ya kupandia kutoka Chimala, ile wanayoiita Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake, inataka gari la juu. Ruaha iko zaidi ya kilomita mia kutoka Iringa mjini na ni safari ya peke yake. Msifanye ujanja na IST.

Sasa gari. Lipelekeni kwa fundi wiki mbili kabla, msingoje siku mbili za mwisho: spea ikikosekana muwe na muda, na kazi ikifanyika vibaya ijulikane mkiwa bado mnazunguka Buguruni. Mwambieni fundi vitu kwa majina, maana ukisema "nicheckie gari naenda mkoa" atabadilisha oili na kukuosha pesa.

Mafuta ya breki yabadilishwe yote kama yana zaidi ya miaka miwili au hamjui umri wake. Kuongezea juu hakutoshi. Mafuta hayo hufyonza unyevu wa hewa, na maji yakishaingia yanachemka mapema. Kwenye mteremko mrefu breki zinapata moto, maji yanageuka mvuke, na mvuke unabanika kirahisi, ndiyo maana pedeli inazama hadi chini na gari halisimami. Lita moja ya aina iliyoandikwa kwenye mfuniko wa kichupa chake inatosha kusukuma mfumo mzima wa gari dogo. Fundi atoe upepo ulionaswa kwenye mabomba ya breki za magurudumu yote manne, na apime pedi za mbele na shuu za nyuma akiwa amefungua magurudumu. Kuchungulia kwa tochi ya simu hakutoshi.

Rejeta: kama ndani kuna maji ya bomba yenye rangi ya kutu, yamwagwe, isafishwe, iwekwe kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini. Kisha mfuniko. Watu wanadharau mfuniko wa rejeta, lakini mpira wake ndio unaotunza presha, na presha ndiyo inayofanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100. Mpira ukilegea mnabaki na maji ya kawaida, na huko juu maji ya kawaida huchemka mapema zaidi: kwenye mita 2,000 ni kama nyuzi 93. Gari linalozunguka Dar mwaka mzima bila kulalamika linaweza kuchemka Kitonga kwa mfuniko tu. Nunueni mwingine wenye namba ileile ya presha.

Tairi: tafuteni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililopita miaka sita, hata likiwa na meno, lisiende safari hii. Mpira umekauka, na joto la mwendo mrefu ndilo linalolipasua. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari ya Japani huandika kwa kPa. 220 ni sawa na 32 za mashine zetu. Kupunguza upepo "kwa sababu ya joto" ni kosa la siku nyingi: tairi laini linakunjika zaidi, linapata moto zaidi, linapasuka mapema. Angalieni na tairi la akiba. Kama ni lile jembamba, limeandikwa mwisho wa mwendo wake, kwa kawaida 80, na kazi yake ni kuwafikisha gereji ya karibu, siyo Iringa. Jaribuni jeki na spana ya magurudumu mkiwa nyumbani, kila mmoja wenu afungue nati moja kwa mkono wake. Nati zilizokazwa kwa mashine zinagoma barabarani. Dawa ni bomba la chuma la nusu mita la kurefushia mpini.

Ndani ya gari kuwe na pembe tatu za kuakisi mwanga, mtungi wa kuzimia moto ambao haujapita tarehe, sanduku la huduma ya kwanza, lita kumi za maji, waya wa kuvutia gari, na nakala ya kadi. Kabla ya kuondoka angalieni madeni ya gari kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya usajili. Faini ni Sh 30,000 kwa kosa, na lile la zamani mlilolisahau ndilo litakalowachelewesha Chalinze. Someni na bima. Bima ndogo inalipa madhara ya mtu mwingine tu. Kama ni bima kubwa, hakikisheni kwa maandishi kwamba inamkubali dereva mwenye leseni changa, kwa sababu zingine humkataa au huongeza kiasi cha hasara mtakacholipa wenyewe.

Hapo ndipo suala la mwenzako. Asiendeshe Dar hadi Morogoro: malori, mabasi ya alfajiri na magari ya IT (yanayopita tu nchini kwenda nchi jirani) yanayokimbizwa mpakani, vyote viko pale. Asiendeshe Kitonga, wala Chimala hadi Uyole, wala mteremko wa Tukuyu. Mpe Makambako hadi Njombe, kilomita 60 za lami yenye malori machache na kona za kufundishia. Mpe Iringa hadi Mafinga asubuhi. Akizoea, mpe na Ruaha Mbuyuni kwenye bonde. Badilishaneni kila baada ya saa mbili hata kama anayeendesha anasema hajachoka, na anayekaa kushoto asilale. Kazi yake ni kusoma vibao, kuhesabu pesa na kumenya machungwa.

Mwambie pia lugha ya malori. Lori lililo mbele likiwasha indiketa ya kulia, anakuambia usipite, kuna gari linakuja. Ya kushoto anasema pita. Lakini ya kulia inaweza pia kuwa anakata kona, na ya kushoto anaegesha, kwa hiyo ni ushauri tu: usipite kama macho yako hayajaona. Majani ya miti yaliyotupwa lamini maana yake mbele kuna gari limeharibika. Punguza hapohapo, usingoje kuliona.

Ondokeni Tabata saa kumi na moja na nusu alfajiri, katikati ya wiki. Kimara hadi Kibaha barabara ina njia nyingi, hivyo giza la mwanzo halisumbui, na jua litawakuta mbele ya Kibaha. Mlandizi hadi Chalinze msishindane na mtu. Morogoro mtafika kabla ya saa sita, na mchana wote ni wenu. Mkiwa na miguu, pandeni Uluguru hadi Morningside, kwenye nyumba ya zamani ya Wajerumani. Ni kama saa mbili za kupanda kwa mwendo wa kuongea. Anzeni kabla ya saa tisa la sivyo giza litawakuta mnashuka.

Siku ya pili barabara inakata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi. Kupita tu hakulipiwi. Fuateni kibao cha mwendo, na faini ya kugonga mnyama msiijaribu. Tembo wakiwa barabarani simameni mbali, injini ikiwaka, msipige honi. Msitupe ganda la ndizi dirishani, maana linawaita nyani lamini na wanaofuata nyuma ndio watakaowagonga. Mkitaka kuingia hifadhini kwenyewe, kodini gari la safari kwa nusu siku pale Mikumi mjini, na mbebe vitambulisho vya NIDA mpate kiingilio cha raia.

Mikumi mjini kateni kushoto kwenda Kidatu na Mang'ula, kama kilomita 60. Julai ni msimu wa miwa. Trela za miwa ni ndefu, zinadondosha mabua, na taa za nyuma huwa ni bahati nasibu. Ulizeni Mikumi hali ya barabara baada ya Kidatu. Mnachokifuata huko ni msitu wa Udzungwa, hifadhi tangu 1992, na maporomoko ya Sanje yanayoanguka mita 170 kwa hatua. Kupanda na kushuka ni kama saa nne na mwongoza njia. Maji Julai ni machache kuliko Aprili, lakini njia haitelezi na mnaweza kuogelea kwenye bwawa la chini. Vaeni viatu vyenye meno. Kandambili zimeshawavunja watu vifundo pale.

Siku ya nne ndiyo siku ya nchi kubadilika. Kutoka Mikumi mnaingia bonde la mto Ruaha, mibuyu imesimama bila jani hata moja, mamia kwa mamia, kisha Ruaha Mbuyuni na vitunguu vyake. Msinunue sasa, mtanunua mkirudi. Jazeni mafuta Mikumi, kunyweni chai Mbuyuni, na muache injini ipumue dakika ishirini.

Halafu Kitonga. Kupanda: zimeni AC, na kama kuna kitufe cha O/D ubavuni mwa gia, kibonyezeni taa ya O/D OFF iwake, ili gia isipande na kushuka kila kona. Huko kupanda na kushuka ndiko kunakochemsha mafuta ya gia. Semi zinatambaa mwendo wa mtu. Kaeni nyuma yake mita thelathini, mbali na moshi, na msipite kwenye kona hata konda wa basi lililo nyuma akipiga kelele. Taa nyekundu ya joto ikiwaka, washeni hita ya ndani hadi mwisho na kufungua madirisha. Inanyonya joto la injini, na mara nyingi inawafikisha palipo tambarare. Mkisimama, msiguse mfuniko wa rejeta kwa nusu saa. Maji yale yako chini ya presha, yatakurukia usoni.

Juu ni Ilula, nyanya kila upande, na hewa nyingine kabisa. Kabla ya Iringa kuna mnara wa Lugalo, pale jeshi la Mkwawa lilipoliangamiza jeshi la Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891. Kesho yake nendeni Kalenga, kama kilomita 15 kutoka mjini, mkaone fuvu la Mkwawa lililorudishwa 1954. Kisha Isimila, kilomita 20 hivi upande wa Mbeya: nguzo za udongo zilizochongwa na maji, na zana za mawe za watu wa kale zimelala chini. Asubuhi, na kofia. Bonde lile halina kivuli. Jioni pandeni jiwe la Gangilonga. Ulanzi, pombe ya mianzi, upo, utamu wake unadanganya. Anayeendesha kesho asiguse.

Mafinga hadi Makambako ni misonobari ya Sao Hill. Njombe ni baridi ya kweli. Bebeni sweta mbili, soksi, na ulizeni nyumba ya wageni kama wana maji moto kabla ya kulipa. Asubuhi kioo kitakuwa na ukungu au barafu nyembamba. Msimwagie maji ya moto, kitapasuka. Washeni gari, lipashe kwanza, wekeni upepo kwenye kioo.

Siku ya saba ni ndefu, karibu kilomita 300, ondokeni saa kumi na mbili na nusu. Uyole geukeni kushoto. Barabara inapanda zaidi ya mita 2,000 kwenye viazi na ukungu, kisha inashuka kwenye migomba na chai. Ukungu ukishuka, washeni taa za kawaida, siyo ful (taa za mbali). Ful inagonga ukungu na kurudi machoni. Tukuyu chagueni kimoja kwa siku: Daraja la Mungu na Kijungu kwenye mto Kiwira, au ziwa Ngozi ndani ya volkano. Daraja liko eneo la chuo cha Magereza, jiandikisheni getini na msipige picha majengo. Ngozi ni kupanda kwa miguu msituni, na kipande cha mwisho kinashikwa kwa mizizi.

Tukuyu hadi Kyela mnashuka kama mita elfu moja. Hapa na Kitonga mkirudi, kanuni ni moja: tieni gia ndogo (2, au L ikizidi) kabla ya mteremko kuanza, injini ilie, iacheni ilie. Breki zikanyagwe kwa nguvu kidogo hadi mwendo ushuke, kisha ziachiwe zipoe. Kuzikanyaga laini mfululizo kilomita nzima ndiko kunakozichoma. Mkisikia harufu ya kitu kinachoungua, egesheni dakika ishirini, msimwagie maji magurudumu. N isitumike kabisa, hata mtu akiwaambia inaokoa mafuta.

Matema, njia inapitia Ipinda, kati ya mpunga na kokoa. Ziwa liko kama mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo joto na mbu vinarudi: chandarua, na dawa ya kujipaka. Julai upepo wa mwera unaleta mawimbi makubwa; ogeni wanapooga wenyeji, mbali na midomo ya mito kwa sababu ya mamba, na epukeni maji yaliyotuama kwenye matete kwa sababu ya kichocho. Kama mnaweza, muwe huko Jumamosi, siku ya gulio la Lyulilo, vyungu vya Wakisi vinapopangwa mchangani. Vyungu vifungwe kwa nguo zenu chafu, vilale sakafuni nyuma ya viti vya mbele. Kwenye buti huwa vinavunjika.

Pesa. Wekeni kiasi sawa kwenye mfuko mmoja siku ya kwanza, mmoja ashike, mwingine aandike kwenye simu kila jioni. Mafuta, malazi na chakula vitoke humo. Vitenge na vyungu kila mtu kwake. Hesabu ya mafuta: kilomita 12 kwa lita ukiweka milima na mizigo, kwa hiyo lita 190 na ushee. EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mikoani ni ghali kuliko Dar kwa sababu ya usafirishaji, basi tumieni bei ya Kyela kwenye hesabu yote mbaki na chenji.

Mchele wa Kyela nunueni kilo 25 kila mmoja, msizidishe. Kilo 50 ni abiria mzima juu ya ekseli ya nyuma, na mbele yenu kuna Kitonga ya kushuka. Ongezeni upepo wa nyuma hadi kipimo cha mzigo kwenye kile kibandiko, na vitunguu vya Mbuyuni vikae juu ya mchele, si chini. Siku ya kumi na tatu tokeni Mikumi saa kumi na mbili na nusu, mvuke Kibaha kabla ya saa nane mchana. Ikiangukia Jumapili, tumieni ile siku ya akiba kulala Morogoro, mwingie Dar Jumatatu saa tano, foleni ya kwenda kazini ikiwa imeshaisha Ubungo.